Mizani ya Pili

Wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa walipochoka kupunjwa kwenye vituo vya ununuzi, mwanzoni mwa miaka ya 1950, walichanga fedha wakamlipa mtu wao anayejua kusoma namba, akasimame jirani na mizani ya mnunuzi. Karani akitaja ratili, yule wa kwao anautazama mshale na kuandika pembeni. Kutokana na wasoma mizani hao ukakua umoja wa wakulima wa Jimbo la Ziwa chini ya kijana aliyeitwa Paul Bomani, na mwaka 1955 ukazaliwa muungano wa vyama vya ushirika uliojulikana kwa kifupi kama VFCU, ambao kufikia uhuru ulikuwa miongoni mwa mashirika makubwa ya ushirika yaliyomilikiwa na Waafrika katika bara zima.

Naanza na pamba kwa sababu kila ninapoombwa kueleza blokcheni kwa watu wa kwetu, sijapata mfano unaoushinda huo. Blokcheni ni daftari la mahesabu lenye nakala nyingi, kila nakala kwa mwenyewe, na hakuna karani mkuu. Anayetaka kuongeza mstari huutangaza kwa wote, nao huukagua kwa kanuni zinazojulikana. Kila ukurasa mpya hubeba alama iliyokokotolewa kutoka kwenye ukurasa uliotangulia, hivyo anayechezea namba ya juzi anavuruga alama za jana na za leo, na wenye nakala wanamwona. Mtu, au kikundi, aliyejiita Satoshi Nakamoto alisambaza waraka wa Bitcoin Oktoba 2008, na ukurasa wa kwanza wa daftari hilo ukaandikwa Januari 2009. Mwaka 2015 ikaja Ethereum, iliyoruhusu watu kuweka ndani ya daftari programu ndogo zinazojiendesha, zile zinazoitwa mikataba janja. Kwa maneno ya mkulima: kila mtu kaja na mizani yake.

Lakini mkulima asiyejua kusoma mshale, hata umpe mizani kumi, bado anategemea huruma ya karani. Mshale wa blokcheni ni msimbo, yaani maandishi ya programu yenyewe, na wanaoweza kuusoma ni wachache mno. Ndiyo maana jumuiya za blokcheni duniani zimekuwa zikihangaika na jambo ambalo juu juu linaonekana la kishule tu: wanachama wafundishane vipi kuandika programu, pasipo chuo, pasipo ada, na mara nyingi pasipo mwalimu. Nimefuatilia mahangaiko hayo kwa muda, na ninayaleta Songwa kwa sababu nadhani Songwa ina la kusema.

Songwa ni kata ya wilaya ya Kishapu, mkoani Shinyanga, jirani na Mwadui, mahali ambapo mwaka 1940 mjiolojia Mkanada John Williamson aligundua mwamba wa almasi wenye eneo la takriban hekta 146, ambao mpaka leo unahesabiwa miongoni mwa mikubwa zaidi duniani. Vilima vya mabaki ya mgodi unaviona kabla hujaiona nyumba. Watu wanalima pamba, mtama, dengu na choroko, wanafuga ng'ombe, na baadhi yao wanatafuta riziki kwenye biashara ya almasi pale Maganzo. Kijana akiona mambo hayaendi hupanda basi kwenda Kahama au Geita, kwenye maduara ya dhahabu. Huko hakuna anayemfungulia darasa. Anajifunza kutambua jiwe kwa kukaa karibu na mwenzake anayelitambua, anajifunza kuosha kwenye karai kwa kushika karai, na akikosea mwalo mzima unacheka.

Vijana hao wana simu, na blokcheni imewafikia kwa mlango wa uani. Imekuja ikiwa bei. Mtu anaingizwa kwenye kundi la WhatsApp, anaonyeshwa picha za faida, anaambiwa aweke kidogo leo na alete wenzake wawili kesho. Waliokuwa watu wazima mwaka 2009 wanaukumbuka upatu wa DECI na ile lugha yake ya kupanda na kuvuna mbegu, mpaka Serikali ilipoufunga na watu wakabaki na risiti mkononi. Siku hizi mbegu imebadilishwa jina, inaitwa sarafu. Sijawahi kukutana na aliyelizwa na makundi hayo ambaye aliwahi kuonyeshwa msimbo wa hicho alichokinunua. Mara nyingi haukuwapo.

Mlango wa mbele upo, ila uko kimya na hauna picha za magari.

Programu kuu ya Bitcoin, iitwayo Bitcoin Core, ni programu huria. Yeyote anaweza kuisoma, na yeyote anaweza kupendekeza badiliko, lakini badiliko haliingii mpaka wengine walipitie mstari kwa mstari. Hapo pakawa na msongamano: wenye mapendekezo wengi, wapitiaji wachache, na wageni wakiogopa kufungua mdomo mbele ya magwiji. Mei 2019 mmoja wa waandishi wa programu hiyo, John Newbery, akaanzisha kikao cha kila wiki cha kujifunza kupitia mapendekezo hayo. Kilifanyika Jumatano saa 17:00 kwa saa za kimataifa, yaani saa 2 usiku kwetu.

Utaratibu wake unastahili kuelezwa polepole, maana ndio siri yenyewe. Kila wiki lilichaguliwa pendekezo moja. Mwenyeji wa wiki, aliyebadilika kila mara, aliandika maelezo mafupi na maswali kadhaa na kuyaweka hadharani siku kadhaa kabla. Wengine walisoma, wakajaribu kuiendesha programu kwenye mashine zao, kisha wakakutana kwa saa moja. Kikao kilianza kwa salamu, na hata aliyekuja kusikiliza tu aliombwa asalimie, ajulikane yupo. Hapakuwa na kuomba ruhusa ya kuuliza: uliuliza tu. Saa ilipoisha, kikao kiliisha, na mazungumzo yote yalihifadhiwa mahali ambapo aliyekosa angeweza kuyasoma.

Na kikao chote kilikuwa maandishi. Hapakuwa na video, hapakuwa na sauti. Kilifanyika kwenye IRC, mtambo wa soga uliobuniwa Finland mwaka 1988, wakati ambapo wengi wa wanaousoma ukurasa huu hawajaona hata simu ya mezani. Wazungu waliuchagua kwa mazoea yao, sidhani kama waliwaza bando la mtu wa Kishapu. Lakini saa moja ya soga ya maandishi inakula bando kiasi ambacho video ya dakika chache ingekwisha kulimaliza. Kijana wa Songwa mwenye kifurushi kidogo anaweza kushiriki kikao kizima na bado akabaki na cha kumjulia hali mama yake asubuhi.

Sehemu ya mwenyeji ndiyo inayonivutia zaidi. Mwenyeji si lazima awe anayejua kuliko wote. Anajua zaidi kwa wiki hiyo tu, kwa sababu amelazimika kuandaa maswali, na kuandaa swali zuri kunataka uwe umelielewa jambo kuliko yule anayelijibu. Wiki ijayo anarudi kwenye mkeka pamoja na wengine. Sisi tuna jina la watu wa namna hii, tulilipata kwenye miradi ya afya: waelimisha rika. Tofauti ni kwamba kwenye miradi ile mwelimisha rika alichaguliwa, akapewa semina na fulana, akabaki mwelimisha rika mpaka mradi ulipokwisha. Hapa cheo kinazunguka.

Cardano, blokcheni nyingine, ilianza kwa njia ya kizamani zaidi. Mwanzoni mwa 2019 kampuni ya IOHK inayoijenga ilifungua darasa la lugha ya Haskell jijini Addis Ababa kwa wanafunzi wanawake watupu, kutoka Ethiopia na Uganda, mwalimu akiwa Mjerumani Lars Brünjes. Darasa la ana kwa ana, la miezi, lenye ubao. Aprili 2021 mwalimu huyo huyo akahamia mtandaoni na mafunzo ya Plutus, lugha ya mikataba ya Cardano: mihadhara ya video kila wiki pamoja na mazoezi ya nyumbani. Watu wakamiminika.

Wengi walikwama kabla hata ya somo la kwanza. Kabla ya kuandika mstari mmoja ilibidi mwanafunzi aandae mazingira ya kazi kwenye kompyuta yake kwa kutumia chombo kiitwacho Nix, na kompyuta ya kawaida ingeweza kuchemka saa kadhaa halafu ikagoma. Mhadhiri hawezi kukaa na kila mtu. Waliowavusha wenzao walikuwa wanafunzi waliokwama juzi wakakwamuka jana. Mmoja akaweka hatua zake kwa kompyuta ya aina fulani, mwingine akaeleza hitilafu aliyoipata na dawa yake. Mshiriki mwingine alikaa chini akaigeuza mihadhara kuwa maandishi, wiki baada ya wiki, akayaweka wazi kwa kila mtu. Ndani ya Cardano hiyo hiyo ikakua jumuiya ya Gimbalabs, yenye vikao vya wazi vya kila wiki na mafunzo ya Plutus yanayojengwa juu ya miradi midogo: unajifunza kwa kutengeneza kitu, na ulichotengeneza kinamsaidia anayekuja nyuma yako.

Nieleze na aibu yangu. Miaka michache iliyopita nilijiunga na kundi la Telegram la watu wa Afrika Mashariki waliotaka kujifunza kuandika mikataba janja. Wiki ya kwanza tulijaa, kila mtu akijitambulisha kwa mbwembwe. Tulikuwa na mwalimu mmoja, kijana hodari na mkarimu, aliyetutumia video ndefu kila Jumamosi. Mimi video ya kwanza niliitazama yote. Ya pili niliitazama nusu, bando likakata. Ya tatu nilijisemea nitaitazama nikienda mjini. Wiki ya nne mwalimu alipata safari, na hapo ndipo tulipogundua kwamba hatukuwa darasa hata kidogo, tulikuwa hadhira ya mtu mmoja. Hakuna aliyewahi kupewa zamu. Kundi lile bado lipo kwenye simu yangu. Ujumbe wa mwisho ni wa mtu anayeuza viatu.

Niliposimulia hayo kwa watu wa kwetu, waliona wazi kosa liko wapi, maana Usukuma una historia ndefu ya kazi za rika. Vijana wa kijiji walikuwa na umoja wao, basumba, chini ya kiongozi waliyemchagua wenyewe, nsumba ntale. Mwenye shamba akihitaji wa kumlimia aliwaita, nao walikuja na ngoma. Bugobogobo tunayoiona leo kwenye majukwaa, majembe yakirushwa na kudakwa, ilikuwa ngoma ya kazini. Mgeni wa jembe hakukalishwa pembeni asomewe nadharia ya kulima. Aliingizwa kwenye mstari, akafuata mdundo wa aliye kulia kwake. Na juu ya hapo palikuwa na ushindani wa Bagika na Bagalu, pande mbili za ngoma ambazo hadi leo zinagombea watazamaji wakati wa kiangazi. Walioandaa vikao vya msimbo mtandaoni wametumia miaka kadhaa kutafuta kitu cha kumfanya mtu arudi wiki ijayo. Babu zetu walikuwa nacho: upande wako usije ukashindwa.

Kuna na mfano mkavu zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipozidi, sungusungu walianzia huku huku kwetu, upande wa Kahama, wakaenea Usukuma na Unyamwezi. Kila kaya ilitoa mtu wa zamu. Asiyefika alitozwa faini, na faini haikuangalia sura. Sitaki kuwapamba kupita kiasi, maana walifanya pia mambo ya kutisha kwa watu waliotuhumiwa bila ushahidi, hasa wanawake wazee. Lakini kanuni ya zamu yenye faini waliijua vizuri. Darasa la rika ambamo mwenyeji asiyeandaa maswali yake anawanunulia wenzake bando la wiki lingedumu kuliko kundi letu la Telegram. Hilo naliweka mezani kama pendekezo la dhati.

Suala la lugha huwa linapitwa haraka, nami sitalipita. Maneno ya msingi ya lugha nyingi za programu ni ya Kiingereza, na kijana aliyemaliza kidato cha nne sekondari ya kata anapofungua somo anapigana vita viwili kwa wakati mmoja: kuelewa kurudia, masharti na kuhifadhi thamani, na kuelewa Kiingereza kinachoyaeleza. Kuna lugha ya programu iitwayo Nuru, programu huria, iliyojengwa kwa maneno ya Kiswahili tangu msingi. Ukitaka kompyuta itoe maandishi, unaiambia andika. Sharti linaanza na kama, na upande wa pili wa sharti ni sivyo. Kurudia ni wakati. Kipande cha kazi unakiunda kwa neno unda, na jibu lake unalitoa kwa rudisha. Thamani ya ukweli ni kweli au sikweli. Inaweza kuwekwa hata kwenye simu ya Android kupitia programu ya Termux, kwa hiyo kukosa kompyuta si kisingizio cha kutoanza.

Wapo wanaoibeza kwa sababu hakuna atakayekupa ajira kwa kujua Nuru. Kweli, hakuna. Nami siwezi kukuandikia mkataba wa Ethereum kwa Nuru. Lakini mtoto hujifunza kuhesabu kwa mbegu za mbuyu, na hakuna benki inayozipokea. Wiki sita za mwanzo, wakati ambapo wengi hukata tamaa, zitumike kuelewa mantiki kwa lugha ambayo mtu anaotea ndoto. Akiisha kuelewa wakati na kama, atakapokutana nayo kwenye lugha za programu kama Python au Solidity atakuwa anabadilisha maneno tu. Zoezi ninalolipenda ni hili: andikeni daftari dogo la kupimia pamba. Kila gunia lipate mstari wake, na kila mstari ubebe jumla ya mstari uliopita iliyokorogwa kwa kanuni mliyokubaliana. Kisha mmoja wenu abadilishe kilo za gunia la tatu kwa siri, na wengine wamtafute. Watakaompata watakuwa wameielewa blokcheni kuliko wengi wanaoinunua.

Kuhusu wasichana. Saa 2 usiku, muda ule wa kikao cha Bitcoin, katika nyumba nyingi za Songwa ni saa ya msichana kusonga ugali, kuosha vyombo na kuwalaza wadogo zake. Darasa likipangwa saa hiyo, litakuwa la wavulana hata kama tangazo limeandikwa karibuni nyote. Kenya walilitazama jambo hili la wanawake kuachwa nyuma mwaka 2022, Lorraine Marcel alipoanzisha Bitcoin Dada, jumuiya inayofundisha wanawake wa Afrika mtandaoni kwa makundi yanayoanza na kumaliza pamoja, na baadaye ikafungua tawi la kuwakuza waandishi wa programu wanawake. Nadhani Songwa saa nzuri ni alasiri ya Jumapili, baada ya ibada na kabla ng'ombe hawajarudi. Au kusiwe na saa kabisa: maswali yabandikwe Jumatatu, na kila mtu ajibu kwa maandishi kabla ya Ijumaa, muda wowote atakapoupata.

Kenya wana somo jingine. Mwaka 2013, katika mtaa wa Bangladesh mjini Mombasa, wafanyabiashara wadogo walianza kutumia hati za karatasi walizoziita Bangla-Pesa kubadilishana bidhaa siku ambazo shilingi haionekani. Mwanzilishi wake, Will Ruddick, alikamatwa na polisi pamoja na wenzake, na baadaye mashtaka yakaondolewa. Mpango huo haukufa. Ukakua kupitia shirika la Grassroots Economics, ukaitwa Sarafu, ukahamia kwenye blokcheni, na watumiaji wake wakaingia kwa kubonyeza namba kwenye simu ya kitochi kama wanavyoangalia salio. Msingi wake unafanana na mweria wa Wamijikenda: leo tunakulimia wewe, kesho mimi. Msimbo wa Sarafu uko wazi. Kikundi cha Songwa kinachotafuta kitu cha kusoma kwa pamoja hakina haja ya kwenda mbali: hicho kimeandikwa kwa ajili ya mama anayeuza mboga, na matatizo yake ni matatizo ya hapa.

Sheria nayo isisahaulike. Novemba 2019 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza kwamba sarafu hizi si fedha halali nchini. Juni 2021 Rais Samia Suluhu Hassan, akizindua jengo la Benki Kuu jijini Mwanza, aliitaka benki hiyo ianze kujiandaa kwa mabadiliko yanayoletwa na sarafu hizo. Sheria ya Fedha ya 2024 ikaja na kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya uhamishaji wa mali za kidijitali. Msomaji atajumlisha mwenyewe. Kwa darasa ninalolizungumzia, jawabu langu ni fupi: msiguse fedha. Blokcheni nyingi zina mitandao ya majaribio yenye sarafu zisizo na thamani, zilizowekwa kwa ajili ya wanafunzi. Siku mtu atakapoleta kwenye kundi ofa ya kununua, atolewe siku hiyo hiyo, hata kama ndiye anayejua kuliko wote.

Nami nisije nikaonekana muuzaji. Kampuni ya De Beers ilianzisha mwaka 2018 mfumo wa blokcheni uitwao Tracr wa kufuatilia almasi kutoka mgodini hadi dukani. Watu wanaoishi kivulini mwa vilima vya Mwadui wana haki ya kuuliza: unafuatilia nini hasa? Daftari linahifadhi kwa uaminifu kile kilichoandikwa, pamoja na uongo. Jiwe likiingizwa kwa jina la mahali ambapo halikutoka, nakala elfu moja zitakubaliana kwamba lilitoka hapo. Ni vilevile kwa gunia la pamba lililopimwa kwa mizani iliyochezewa kabla ya wakulima kuamka. Walichokijua wale wasoma mizani wa miaka ya 1950 ni kwamba lazima mtu wako awepo pale pale namba inapozaliwa. Programu haiwezi kufanya kazi hiyo. Inayoweza kuifanya ni elimu ya yule karani wa chama cha msingi cha ushirika, na ya mkulima anayemtazama. Kwa hiyo ninapodai vijana wa Songwa wajifunze msimbo, simaanishi kila kitu cha kijiji kihamie kwenye blokcheni. Vingi havihitaji. Daftari la kaunta lenye saini tatu linatosha kikundi cha kuweka na kukopa cha akina mama ishirini, na kijana aliyefundishwa vizuri atakuwa wa kwanza kuwaambia hivyo, kabla hajaja muuzaji wa mfumo kutoka mjini.

Basi darasa lenyewe lingekuwaje? Dogo. Watu sita hadi wanane, wanaofahamiana, wenye simu janja hata kama zimepasuka kioo. Kompyuta moja ya pamoja, ikae kwa mtu mwenye umeme wa kuaminika na ambaye wazazi wa wasichana wanamwamini. Kundi la maandishi matupu, video marufuku isipokuwa kwa aliyeomba. Mwenyeji wa wiki kwa zamu, kuanzia wiki ya pili, akiwemo yule anayejiona hajui, na hasa yeye. Faini ya bando. Kumbukumbu za kila kikao ziandikwe kwa Kiswahili na ziwekwe wazi, kwa sababu kundi la pili litakaloanza Maganzo au Geita litazihitaji kuliko litakavyomhitaji mtaalamu kutoka Dar es Salaam. Wakitimiza miezi minne, waanze kuhudhuria vikao vya dunia, wasalimie, hata kama hawatasema kingine.

Gharama yake ni bando na kompyuta moja iliyotumika. Vijana wa kuanza nao wapo, baadhi yao wanatazama chati za bei hivi sasa chini ya mwembe. Msimu wa kununua pamba kwa kawaida hufunguliwa Mei, na ukihesabu kurudi nyuma, kikundi kinachotaka kuwa na daftari lake dogo la kupimia siku hiyo hakina muda wa kuunda kamati. Mwenye kompyuta inayolala kabatini, awe Songwa, Mwadui au Maganzo, na ailete.